Kosa Lisiloandikwa

Ubao wa matokeo wa besiboli huishia na safu tatu: pointi, mapigo yaliyofaulu, na makosa. Sijui mchezo mwingine mkubwa unaotundika madhambi ya wachezaji wake hadharani namna hii. Kwenye soka, kipa akifungwa goli la kizembe tutamzomea na kumtania wiki nzima, lakini ubao utaandika goli tu. Besiboli huandika goli na aibu. Mtu anaweza kudhani, basi, kwamba huu ni mchezo mkweli kuliko mingine. Mimi sidhani. Safu ile ya tatu ni msimuliaji mwenye jicho moja, na mechi inayomuumbua vizuri ni ya tano ya fainali za mwaka 2024, kati ya New York Yankees na Los Angeles Dodgers.

Ilichezwa New York usiku wa tarehe 30 Oktoba. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 31. Bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne, na Dodgers walikuwa wameshinda tatu dhidi ya moja. Yankees hawakuwa na nafasi ya kupoteza tena, nao walicheza kama wanaojua hivyo: baada ya vipindi vitatu kati ya tisa walikuwa mbele 5-0. Mrushaji wao, Gerrit Cole, alimaliza vipindi vinne bila mpinzani yeyote kupata pigo lililofaulu. Kwa asiyeufahamu mchezo huu: timu inayopiga huendelea kupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Kila nafasi ya kumtoa mtu inapopotea, mlango unabaki wazi.

Katika kipindi cha tano, Kiké Hernández alipata pigo la kwanza la Dodgers. Tommy Edman akaupiga mpira hewani kuelekea kwa Aaron Judge, mpira wa kawaida kabisa. Ukagonga glavu ya Judge ukaanguka. Kosa la kwanza. Will Smith akaupiga mpira wa chini kwa Anthony Volpe, ambaye aliutupa kituo cha tatu vibaya, haukudakwa. Kosa la pili. Vituo vyote vikajaa na hakuna aliyetolewa.

Cole akakaza. Akamtoa Gavin Lux kwa straiki tatu, kisha Shohei Ohtani vilevile. Akabaki Mookie Betts, aliyeugusa mpira ukabingirika kuelekea kwa Anthony Rizzo, karibu na kituo cha kwanza. Katika mpira wa namna hiyo, mrushaji hufundishwa tangu utotoni kukimbilia kituo ili aupokee. Cole hakukimbia mpaka kituoni. Alisimama, akamnyooshea Rizzo kidole aende mwenyewe, na Betts akawatangulia. Pointi ya kwanza ikaingia. Freddie Freeman akaleta mbili, Teoscar Hernández akaleta mbili nyingine. Ubao ukasoma 5-5.

Sasa soma rekodi. Judge ameandikiwa kosa. Volpe ameandikiwa kosa. Cole hakuandikiwa chochote. Mpira wa Betts umeingia kwenye rekodi kama pigo lililofaulu. Kanuni za uandishi wa besiboli zinasema wazi kwamba uzembe wa akili na maamuzi mabaya havihesabiwi kuwa kosa. Mpira uliokuponyoka ni kosa. Mguu ambao haukwenda ulikotakiwa si kitu.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Pointi zote tano za kipindi kile hazikuhesabiwa dhidi ya Cole. Ili kuamua ni pointi zipi mrushaji anastahili kulaumiwa, mwandishi rasmi hukijenga upya kipindi kana kwamba makosa hayakutokea: Edman angetolewa, angetolewa na mwingine kwenye mpira wa Volpe, Lux angekuwa wa tatu, kipindi kingekwisha. Kwa hiyo ndani ya kumbukumbu rasmi za mechi kuna kipindi cha kubuni ambacho hakikuchezwa na mtu yeyote, na humo Cole hana hatia kwa sababu Betts hakupata hata zamu ya kupiga. Sisi tunaopenda maandishi ya kweli tuitazame hati hiyo kwa makini. Hakuna uongo ndani yake. Kanuni imefuatwa mpaka nukta ya mwisho. Na bado mtu aliyeisoma bila kuitazama mechi hawezi kujua palipovunjika.

Upande wa pili wa mechi ile hauna safu kabisa. Mrushaji huchoka, kwa hiyo kila timu ina kundi la warushaji wa akiba, bulpeni, wanaopasha misuli pembeni wakisubiri meneja awaite. Mrushaji aliyeanza kwa Dodgers, Jack Flaherty, aliwatoa watu wanne tu kabla ya kuondolewa. Meneja wake, Dave Roberts, akalazimika kutumia saba wa akiba. Aliwapata wapi wenye nguvu? Aliwapata katika mechi aliyoipoteza. Siku moja kabla, Yankees waliposhinda 11-4, Roberts hakuwagusa warushaji wake bora. Siku ile ilionekana kama uvivu, au dharau.

Yankees walirudi mbele 6-5, kisha katika kipindi cha nane mrushaji wao Tommy Kahnle akaacha vituo vijae bila kumtoa mtu. Mipira miwili iliyodakwa mbali ikatosha kuwaingiza wakimbiaji wawili, na kati ya hiyo miwili mdakaji Austin Wells akaandikiwa kosa la tatu, kwa kuliingilia gongo la Ohtani. 7-6. Zamu ya Yankees ilipofika, Judge na Jazz Chisholm walikuwa vituoni na mtu mmoja tu ametolewa. Blake Treinen alikuwa anarusha kwa kipindi cha tatu, kazi nzito kwa mtu wa akiba. Roberts akapanda kichuguu cha mrushaji, akamwekea mkono kifuani, akazungumza naye, akamwacha. Treinen akamtoa Giancarlo Stanton, kisha Rizzo. Kipindi cha tisa akapewa Walker Buehler, aliyeanza mechi ya tatu siku mbili tu kabla. Akawatoa watatu mfululizo. Ubingwa.

Stanton angeupiga mpira ule ukatoka nje ya uwanja, mkono ule kifuani ungeitwa ujinga. Hii ndiyo hofu yangu kuhusu namna tunavyohakiki maamuzi: tunamfanya matokeo awe shahidi pekee. Ndivyo alivyohukumiwa meneja wa Yankees, Aaron Boone, baada ya mechi ya kwanza. Alimwita Nestor Cortes, ambaye jeraha lilikuwa limemweka nje ya mechi tangu tarehe 18 Septemba, siku 37. Cortes alimtoa Ohtani kwa mpira mmoja. Betts akapewa kituo makusudi, na mpira uliofuata Freeman aliutoa nje ya uwanja vituo vikiwa vimejaa. Mimi nadhani Boone alikosea, lakini si kwa sababu ya Freeman. Alikosea kwa sababu alikuwa na Tim Hill, naye mrusha kwa mkono wa kushoto, aliyekuwa akirusha mwezi ule wote. Uamuzi ule ungekuwa mbaya hata kama mpira ungedakwa. Na wa Roberts ulikuwa mzuri hata kama usingedakwa, kwa sababu aliulipia gharama siku moja kabla.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Bill Buckner hakupewa nafuu hiyo. Tarehe 25 Oktoba 1986 mpira ulimpita katikati ya miguu na Boston wakapoteza mechi ya sita ya fainali. Watu walisahau kwamba Mets walikuwa wameshasawazisha kabla ya mpira ule, kwa mrusho uliompotea mwenzake Bob Stanley. Walisahau kwamba ilibaki mechi ya saba, na Boston wakaongoza 3-0 humo. Walisahau kwamba meneja John McNamara alimwacha uwanjani mtu mwenye vifundo vibovu, ingawa alikuwa na kawaida ya kumbadilisha mwishoni. Buckner alibeba kosa hilo kwa miaka mingi kwa sababu lake lilikuwa na picha.

Ukipata video ya kipindi kile cha tano, usiufuate mpira. Muangalie Cole. Hesabu hatua zake tangu Betts alipougusa mpira, kisha fungua rekodi rasmi uzitafute.