Binti Mfalme Asiye na Mama: Neno juu ya Mchezo wa Mabinti wa Babati

Mtu akipita jioni katika nyumba za Babati, chini ya mlima Kwaraa, huwakuta mabinti wadogo wamejifunga kanga za mama zao hata zaburura chini, na vichwani wamevaa taji za karatasi. Mmoja ni binti mfalme, na wenzake ni wajakazi wake. Miongoni mwa akina mama Wakatoliki wako wauonao mchezo huu kuwa mlango wa majivuno, nao huukataza; wako na wengine waendao sokoni kununua gauni la kumeremeta. Sisi twaona yafaa kwanza kuipima hadithi yenyewe, kisha ndipo tuwahukumu watoto.

Tuanze na neno. Kiswahili chasema "mwana wa mfalme" bila kubagua mume na mke. Atakaye kubainisha husema "binti mfalme" au "binti sultani". Maana yote mawili yamtaja mtoto pamoja na mzazi wake. Watoto wa leo husema "prinsesi", na neno hili lasimama peke yake, halina baba wala mama ndani yake. Jambo hili si la sauti tu, kama tutakavyoona.

Maana hadithi wazichezazo zimetoka mbali. Ile ya Cinderella iliandikwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, na Walt Disney akaifanya sinema mwaka 1950. Hatusemi ni mbaya. Yamsifu yatima mvumilivu, na uvumilivu ni fadhila. Lakini msomaji na aangalie: mama yake amekufa kabla mambo hayajaanza, na mahali pake pamekaliwa na mama wa kambo mkatili. Katika ile ya Snow White, sinema ya mwaka 1937, ni vivyo hivyo. Na katika Frozen, ya mwaka 2013, wazazi wote wawili wafa maji baharini. Tena Cinderella na Snow White zaishia mlangoni pa arusi. Yatokeayo baadaye nyumbani hayasimuliwi. Basi mama anunuaye gauni lile amnunulia bintiye hadithi ambayo ndani yake yeye mwenyewe hayumo. Hii ndiyo kasoro kubwa, kuliko taji na kumeremeta.

Ngano zetu huenda njia nyingine. Katika hadithi ya Sultani Darai, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja, maskini anunua paa, na paa huyo kwa akili zake amwoza binti sultani. Hapa arusi si mwisho. Paa augua, bwana wake amdharau, na binti sultani ndiye ahuzunikaye kwa ajili yake. Msikilizaji aujua ungwana wa binti huyu kwa jinsi anavyomwonea huruma mtumishi mgonjwa. Twasema wazi kwamba kwa habari hii ngano ya Unguja yaishinda ile ya Ulaya.

Wala hatukosi mfano wa kweli. Katika Buganda, binti wa mfalme huitwa mumbejja, na watu humjibu "ssebo", neno la kumheshimu mwanamume. Lakini zamani heshima hiyo ilikuwa na gharama: mumbejja hakuruhusiwa kuolewa wala kuzaa. Nalumansi, binti wa Kabaka Muteesa wa kwanza, alibatizwa kwa jina la Klara, akaolewa na Mkristo mwenzake. Mwaka 1886, alipowekwa kulinda kaburi la mfalme wa kale Jjunju, alizikataa ibada za kaburi hilo, na jambo hili liliongeza ghadhabu ya Kabaka Mwanga. Huyu alikuwa binti mfalme hasa, naye aliona ndoa na imani kuwa bora kuliko cheo.

Na hapa Babati je? Bibi za Wairaqw na Wagorowa, walipokuwa wasichana, walitengwa katika mafunzo yaitwayo marmo, na huko kila mmoja alishona sketi yake ya ngozi na kuipamba kwa shanga. Desturi hiyo imekoma, wala hatutaki irudi. Ila ilijua jambo moja: pambo la msichana lilikuwa kazi ya mikono yake, wala halikununuliwa. Siku hizi hata gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza lapata kushindaniwa, na mtoto wa fukara husimama kanisani akiona haya.

Kwa hiyo hatukubaliani na mama akatazaye. Kanisa lenyewe lamwita Maria Malkia, naye huyo ndiye aliyejiita mjakazi. Mtoto avikwaye taji la karatasi hajakosa neno. Wala hatukubaliani na mama anunuaye kisha akanyamaza. Na aketi uani, aingie mchezoni, aulize: Malkia mama yako yu wapi? Nani mgonjwa katika nyumba yako? Na wajakazi hawa, zamu yao ya kuvaa taji itafika lini? Binti akiweza kujibu maswali hayo matatu, mchezo wake umekwisha kuwa mafundisho, na ile hadithi iliyokosa mama imempata.