Podikasti za Kufundishia Vijana: Nani Amesema, na Amejuaje?



Zamani redio ilikuwa ya nyumba nzima. Ilikaa ukumbini, na neno lililotoka humo lilimfikia baba, mama, bibi na watoto kwa wakati mmoja. Likiwa zuri lilizungumzwa baada ya chakula, na likiwa baya hakukosekana mtu wa kunyoosha mkono akaizima. Leo kijana amelala kitandani, visikilizio vimo masikioni, na mgeni asiyejulikana na wazee wake anamsemesha saa nzima. Mgeni huyo ndiye podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho mtu hukichukua katika intaneti akakisikiliza saa aitakayo.

Simwambii mtu avunje simu. Sauti ni mwalimu wa tangu na tangu, na sisi watu wa pwani tumejifunza mengi kwa kusikia kabla ya kusoma. Mwalimu anayetumia podikasti darasani anafanya jambo la maana. Ninalotaka kulisema ni namna ya kuichagua, kwani ile orodha inayotokea juu ya kioo cha simu hutuonyesha tu zile zinazosikilizwa na wengi. Hata tuzo haitoshi kuwa dalili. Nitazitaja mbili za Marekani, zote mbili zilizotunukiwa tuzo kubwa ya Peabody, nawe upime mwenyewe.

Ya kwanza ni "Serial", iliyoanza Oktoba 2014 kwa sehemu 12. Mtangazaji wake, Bibi Sarah Koenig, aliifufua kesi ya Adnan Syed, kijana wa Kiislamu wa Baltimore mwenye asili ya Pakistani, aliyehukumiwa mwaka 2000 kifungo cha maisha kwa kumuua Hae Min Lee, msichana wa miaka 18 aliyesoma naye skuli moja na aliyewahi kuwa mpenzi wake. Msichana huyo aliuawa Januari 1999. Walimu wa sekondari huko Marekani waliichukua podikasti hii wakaisomesha kama inavyosomeshwa riwaya, na sababu yao naifahamu. Bibi Koenig haongei hewani. Upande wa mashtaka ulidai kwamba mauaji yalifanyika katika dakika 21 tangu skuli ilipofungwa. Yeye akaingia garini na saa yake, akaipima njia yenyewe. Analeta karatasi za simu, analeta maneno ya mashahidi, anayagonganisha mbele yako, na pale asipojua anasema sijui. Kijana akisikia hivyo hujifunza kwamba khabari ni kitu kinachotafutwa kwa jasho.

Hata hivyo, siipi alama zote. Msiba wa mzazi umegeuzwa kitendawili cha kila wiki, na kila sehemu inakatwa pale hasa ambapo roho ya msikilizaji imening'inia. Jamaa wa marehemu hawakushiriki. Msikilizaji anamaliza sehemu 12 akiijua sauti ya mfungwa kama ya ndugu yake, na Hae Min Lee anabaki jina. Mwalimu asipowasimamisha wanafunzi hapo akawauliza juu ya yule asiyesema, atakuwa amewafundisha ujanja wa upelelezi akawanyima huruma.

Kuna na jambo la pili, nalo ni la podikasti zote: sauti iliyorikodiwa haikui. Mwaka 2022 hakimu aliifuta hukumu na Adnan akatoka baada ya miaka 23. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha, kwa kuwa jamaa wa msichana hawakupewa taarifa ya kutosha. Mwaka 2024 mahakama kuu kabisa ya Maryland ikalikubali hilo. Na Machi 2025 adhabu ikapunguzwa kuwa miaka aliyokwisha kuitumikia. Adnan yu huru, lakini hatia haikufutwa. Anayesikiliza sauti ya 2014 peke yake hayajui haya, naye atakuapia kwamba anaijua kesi ile.

Ya pili ni "Caliphate" ya gazeti la New York Times, iliyotoka mwaka 2018. Humo kijana wa Kanada aliyejiita Abu Huzayfah alisimulia kwamba alikwenda Syria akajiunga na Daesh, na kwamba aliua watu kwa mkono wake. Mwandishi Rukmini Callimachi alimhoji kwa upole, muziki ukipita chini kwa chini. Sauti ya kijana ilitetemeka mahali pa kutetemeka. Nani angemkadhibisha?

Septemba 2020 polisi wa Kanada walimshitaki kwa kutoa khabari za uwongo juu ya ugaidi. Desemba mwaka huo gazeti lilikiri kwamba kisa kile hakikuwa na ushahidi wa kutegemewa, likairudisha tuzo. Mwaka 2021 mashtaka yaliondolewa, na kijana mwenyewe akakubali kwamba alikuwa akitunga.

Ajabu ni kwamba shaka ilikuwamo ndani ya podikasti yenyewe. Watayarishaji waliona kuwa tarehe za safari zake hazilingani na maneno yake, wakalieleza hilo katikati ya mfululizo. Lakini badala ya kusimama, waliifanya shaka ile kuwa kionjo cha kumvuta msikilizaji aende mbele! Bibi Koenig, pamoja na makosa yake, aliifanya shaka kuwa ndiyo kazi. Hawa waliifanya pambo. Hasara nayo haikuliangukia gazeti peke yake. Fikiri juu ya Mwislamu aliyeko ugenini, ambaye jirani yake alikisikia kisa kile lakini masahihisho hayakumfikia.

Kupima haya si ugeni kwetu. Mtoto wa chuoni hufundishwa kuuliza hadithi imepokewa na nani kutoka kwa nani, na kama wapokezi hao walikutana. Basi aulize vivyo hivyo hapa. Aulize pia nani analipa, kwani mara nyingi sauti ile ile iliyokuwa ikimliza ndiyo inayogeuka kumwuzia godoro, bila hata ya kukohoa.

Kwa mwalimu anayeanza, na khasa kwa watoto wadogo, ningependelea michezo ya kuigiza ya "Noa Bongo, Jenga Maisha Yako", iliyoanzishwa mwaka 2008 na idhaa ya Deutsche Welle kwa ajili ya vijana wa Afrika. Lugha ni yetu, na mama asiyejua Kiingereza anaweza kukaa nao akasikia kila neno na akakataa asilolipenda.

Kwa wakubwa wanaojua Kiingereza ipo "History of Philosophy Without Any Gaps" ya Peter Adamson, profesa wa Munich, inayoendelea tangu mwaka 2010. Amewapa Alkindi, Alfarabi, Ibn Sina, Ghazali na Ibn Rushd nafasi kubwa, sehemu baada ya sehemu, kila moja kama dakika 20, na kwa kila mada anavitaja vitabu vya kusoma ili umhakiki. Mizaha yake ya twiga hainichekeshi, na msemo wake ni wa mhadhara. Kijana wa kidato cha tatu ataimudu ikiwa simu imewekwa mezani wote wasikie, na mwalimu anaisimamisha kila baada ya dakika tano ili mmoja wao ayaeleze kwa Kiswahili yaliyopita. Dakika 20 hizo zitakula kipindi kizima cha darasa, na pengine viwili.