Ushuhuda Unaoishia Mapema

Aliyekulia Natta, wilayani Serengeti, anaujua ushuhuda wa mlevi kabla hajafundishwa shuleni kipera chochote cha fasihi simulizi. Una sehemu tatu: nililewa, nikalisikia Neno, sasa nimeokoka. Watu wanapiga makofi, pambio linaanzishwa. Mgogoro upo, kilele kipo, mwisho ni mwema. Kasoro yake ni huo mwisho.

Baba yangu mdogo aliutoa mara tatu ndani ya miaka sita. Ni msimulizi hodari. Tulicheka alipojiigiza akilala mtaroni, tukalia alipofika kwenye sala. Mara zote tatu alirudia gongo kabla ya mavuno. Na mara zote tatu hakumtaja mtamba wa mama yangu, ambaye yeye mwenyewe alimtoa zizini usiku akamuuza. Katika simulizi yake, aliyeumia ni yeye tu, na aliyekosewa ni Mungu tu.

Imani yenyewe haikuanza hivyo. Uamsho ulipofika kwa Wamennonite wa Shirati mwaka 1942, hukohuko Mara, ulikuja na desturi ya walokole wa Afrika Mashariki iliyowaudhi wengi: kuungama hadharani, kisha kurudisha ulichoiba na kulipa madeni. Nchini Marekani, Alcoholics Anonymous ilianzishwa mwaka 1935 na walevi wawili waliopitia Oxford Group, kundi la Kikristo lililosisitiza mambo yayo hayo. Kati ya hatua zake 12, ya 8 ni kuorodhesha uliowakosea, na ya 9 ni kutengeneza nao inapowezekana. Hata Zakayo, Luka hamwachi juu ya mkuyu. Anamfikisha nyumbani kwake, kwenye hesabu: mara nne.

Utasema ulevi ni ugonjwa. Ni kweli. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, na sala isimcheleweshe kufika hospitali. Lakini akitoka hospitali anarudi kijijini, kwenye milango inayomjua. Hapo ndipo kanisa lina kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya.

Mara ya nne baba mdogo hakusimama madhabahuni. Alikuja kwetu asubuhi, ameongozana na mzee mmoja wa kanisa, akamwambia mama, "Shemeji, nimekuja kwa ajili ya yule mtamba." Mama hakusema amemsamehe. Alimtajia bei.

Tangu hapo analipa kidogokidogo, kwa magunia ya mtama. Yule mzee humpitia kila wiki, wakati mwingine bila hata kutaja pombe. Kila gunia linapofika, mama humtazama shemeji yake usoni kwanza, ndipo anautazama mzigo.

Simulizi hii haipigiwi makofi. Yamebaki magunia mawili, na hakuna anayejua ya kesho. Lakini kati ya shuhuda zake zote nne, ni hii tu ambayo mama yangu yumo.