Mwenye Mali wa Karatasi

Kifungu cha 147 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinasema jambo gumu. Wakala aliyeidhinishwa, akishatenda lolote kwa niaba ya mwenye mzigo, naye huhesabiwa kuwa mwenye mzigo. Ushuru ukidaiwa, atadaiwa yeye binafsi, na mwenye mali halisi naye hanasuki. Kwa hiyo mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja pale Tunduma, ambaye hana hata bajaji, anaweza asubuhi akawa mwenye shehena ya shaba ya Kongo, na kabla jua halijazama akawa mwenye mbegu za mahindi kutoka Lusaka. Hataigusa shaba hiyo, na bei yake ikipanda kwenye soko la London hatapata hata senti. Ikipotea njiani, anatafutwa yeye.

Mimi naona hapo ndipo ilipo heshima ya kazi hii, kazi ambayo wengi wetu huitaja kwa kukunja uso. Wakala wa forodha, kwa mazungumzo ya vijiweni, ni mtu wa dili, mtu wa "niachie hiyo, nitaongea nao". Wapo wa namna hiyo, sitaki kuwafanya wote malaika. Lakini ukikaa na yule anayeijua kazi, utagundua kwamba anauza vitu viwili ambavyo havionekani: kukiita kitu kwa jina lake sahihi, na kukubali kulipia akikosea.

Tunduma iko kama kilomita 930 kutoka Dar es Salaam, mahali lami ya Tanzania inapoishia na Nakonde ya Zambia inapoanzia. Mstari wenyewe ulipangwa Ulaya, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, na Wanyamwanga wakajikuta wana ndugu upande wa pili. Kilichoufanya mji uwe huu tunaoujua ni tukio la kusini zaidi: tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kawaida ya bahari iko mikononi mwa mtu isiyeweza kumtegemea. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968, barabara ikawekwa lami, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Baadaye ikaja migodi ya Katanga, ambayo malori yake hupita Kasumbalesa, yakaikata Zambia yote na kutokea hapa. Mji umekua kwa shida ya bahari ya watu wengine. Mkoa ulimo mji huu, Songwe, nao ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu yakawekwa Vwawa, na mzigo wake mashuhuri kuliko yote ni Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma kutoka angani. Huo ndio mzigo pekee wa ukubwa ule ninaoujua ulioingia mkoani bila ankara wala wakala.

Mingine yote lazima ipewe jina. Na hapa ningependa kukawia, maana watu hudhani wakala hujaza fomu. Anayejaza fomu ni karani. Wakala hujibu swali ambalo mfanyabiashara hajawahi kujiuliza: hiki ulichonunua ni nini hasa?

Dunia ina kitabu kimoja cha kujibia swali hilo, mfumo wa uainishaji wa bidhaa uliokubaliwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika Januari 1988. Kila kitu kinachouzwa duniani kina tarakimu sita humo. Afrika Mashariki huongeza mbili zake zikawa nane. Kuna sura za wanyama hai, za nafaka, za viatu, za mashine, hadi sura ya 97 ya kazi za sanaa. Sura ya 77 iko tupu, imewekwa akiba kwa matumizi ya baadaye. Nimewahi kumwona wakala akiifungua sura hiyo na kucheka peke yake, kama mtu aliyekuta kiti cha mgeni asiyefika.

Chukua mahindi. Kwa mkulima wa Mbozi, mahindi ni mahindi. Kwa kitabu hiki, mbegu ya mahindi ina namba yake, na mahindi mengine yana namba nyingine, nayo katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya hutozwa asilimia 50 ili kumlinda mkulima wa hapa. Sasa linakuja lori kutoka Zambia, na hati imeandikwa "mahindi" tu, kwa sababu muuzaji kule alikuwa na haraka. Wakala atauliza: zimetiwa dawa? Mifuko ina lebo ya aina ya mbegu na namba ya kundi? Kibali cha kuingiza kipo? Cheti cha afya ya mimea kimetoka kwa nani? TOSCI, wanaosimamia ubora wa mbegu, wanajua? Kisha atauliza lililo gumu zaidi: zimezalishwa Zambia kweli, au zimefungashwa tu Zambia? Kwa sababu nafuu ya ushuru ya nchi za SADC huenda kwa bidhaa yenye asili ya huko na cheti cha kuthibitisha, haiendi kwa bidhaa iliyopita huko kubadilisha mfuko. Maswali hayo yote huulizwa kabla lori halijafika mpakani. Likifika ndipo yaulizwe, basi mbegu zinakaa juani na msimu unasogea.

Au chukua pikipiki. Mfanyabiashara anashusha masanduku na kusema ni vipuri. Wakala anasoma orodha ya vilivyopakiwa: fremu ishirini, injini ishirini, magurudumu arobaini, matangi ishirini. Kanuni ya pili kati ya kanuni sita za kusoma kitabu kile inasema kitu kilichofunguliwa vipande ni kitu kilekile kizima. Hizo ni pikipiki ishirini zilizolala. Afisa wa forodha ataliona hilo kwa dakika mbili, na wakala mzuri ni yule aliyeliona kwanza, akalisema, hata kama mteja atanuna. Kanuni ya tatu nayo ina uzuri wake. Ikija seti ya taa za jua, paneli na betri na balbu ndani ya boksi moja, jina litafuata kile kinachoipa seti nzima tabia yake. Ni kipi? Hapo mawakala wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana tangu chai ya saa nne hadi wali wa mchana, na wote wakawa na hoja. Mimi nimependa kuusikia ubishi wa namna hiyo kuliko mahubiri mengi.

Jina likishapatikana, linafuata suala la thamani, na hapa ndipo urafiki hupimwa. Ushuru hukokotolewa kwa bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, na sheria imeweka njia sita za kuifikia thamani hiyo, ya kwanza ikiwa bei halisi iliyolipwa. Ankara ikitia shaka, afisa anaweza kuiweka kando na kushuka kwenye njia zinazofuata. Mazungumzo yanayotokea ofisini hayatofautiani sana:

"Bosi, kwa bei hii hawatakuamini."

"We andika hivyohivyo. Kazi yako si kuandika?"

"Kazi yangu ni kusaini, mzee wangu."

Kifungu cha 203 cha sheria ileile kinaweka kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 kwa anayetoa tamko la uongo. Lakini wakala niliyemsikia akijibu hivyo hakutaja kifungu. Alirudisha ankara mezani, upande wa mteja, akaendelea na simu yake. Kukataa mteja kwa adabu katika mji ambao ofisi ya jirani itamkubali ni ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha.

Yapo yanayofundishwa. Chuo cha Kodi hutoa mafunzo ya cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, na leseni ya uwakala hutafutwa upya kila mwaka. Ndiyo maana wenye taaluma hukasirika wakichanganywa na vishoka, wale wasio na leseni wanaomdaka mgeni anaposhuka kwenye basi na kumwahidi kwamba mzigo wake utapita "leo leo". Kishoka hasaini popote. Hiyo ndiyo tofauti yote, na mfanyabiashara mdogo huja kuijua fedha yake ikiwa imeshakwenda.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Zamani lori lilisimama mara mbili, kutoka na kuingia. Sasa linaloelekea Zambia humaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linalokuja Tanzania humalizia Tunduma, maofisa wa pande mbili wakiwa chini ya paa moja. Paa ni moja ila saa ni mbili. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa nne ya Tunduma ni saa tatu ya Nakonde, na wakala huishi na mishale yote miwili kichwani. Ana mifumo miwili pia: huku mamlaka ya mapato inatumia TANCIS, kule wanatumia ASYCUDA. Leseni yake haivuki. Upande wa pili lazima awe na mwenzake Mzambia, mtu wa kumtumia nyaraka usiku na kuamini kwamba asubuhi zitakuwa zimeingizwa. Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, uhusiano huo wa simu ndio pekee uliobaki ukivuka.

Foleni bado ipo. Siku mbaya malori hupangana hadi Chapwa na Mpemba, na katikati yake hupenya magari ya IT, yaani ya kupita nchini, yale madogo yaliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam, yanayoendeshwa kwa kasi na vijana wasio na haja ya kuyatunza. Wakala hawezi kuifuta foleni. Anachoweza ni kuhakikisha lori lake halisimami kwa sababu ya karatasi.

"Shikamoo, baba. Umefika wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko mizani Mpemba."

"Ukitoka hapo usizime. Namba imeshatoka."

Dereva yule atapita na kusema alikuwa na bahati. Ndivyo kazi hii inavyolipwa sifa zake: ikifanywa vizuri, mtu mwingine hushukuru bahati.

Na kwa shaba ile ya Kongo, kuvuka Tunduma ni mwanzo tu. Mzigo wa kupita nchini haulipiwi ushuru ila huwekewa dhamana, na kila lori hula sehemu ya kiwango cha dhamana ya wakala hadi mfumo uthibitishe kwamba mzigo umetoka nchini. Shaba iliyofungwa lakiri hapa Jumatatu haijamwachia mpaka ipakiwe melini Dar es Salaam. Ikikwama Iringa kwa ekseli iliyovunjika, au ikikaa bandarini ikisubiri meli, fungu lake la dhamana nalo limekaa, na hawezi kulitumia kuchukua kazi nyingine. Kwa hiyo utamkuta mtu wa Tunduma, kilomita 930 kutoka baharini, akifuatilia ratiba za meli kuliko mvuvi, akimpigia mwenzake wa bandarini kuuliza kama kontena limeshapanda. Likishapanda na taarifa ikasomeka, kiasi kile hurudi, naye hupokea simu ya lori linalofuata.