Kusaga si Kumeng'enya: Uhakiki wa Istilahi za Chakula Mwilini

Neno kimeng'enya limekwisha kupata uraia katika vitabu vyetu vya biolojia, wala halihitaji kutetewa upya. Mwanasarufi mkali angeweza kulalamika kwamba majina ya ala katika Kiswahili hupenda kuishia na -o, kama kifuniko na kichocheo, na kwamba kiishio -a hapa kina ugeni kidogo. Lakini sikio limezoea, na istilahi iliyozoeleka haing'olewi kwa sababu ya irabu moja. Linalohitaji kuhakikiwa ni vitenzi vinavyolizunguka neno hilo, maana ndivyo vinavyoliharibia kazi.

Aghalabu msomaji huambiwa kwamba meno husaga chakula, kisha tumbo hukisaga, kisha vimeng'enya navyo hukisaga mpaka kikawa tayari kuingia katika damu. Pengine mwandishi huchoka na kusaga, akasema kuyeyusha. Vitenzi hivyo viwili vina maana zao tangu zamani. Mahindi yakisagwa hutoka unga, na unga huo ni mahindi yaleyale. Samli ikiyeyushwa juani hurudi kuganda ikipoa, na chumvi iliyoyeyuka majini hupatikana tena maji yakikauka. Kimeng'enya hakifanyi lolote kati ya hayo. Hukata molekuli kubwa zikawa ndogo zenye asili nyingine: wanga hugeuka sukari, protini hugeuka asidi za amino, nacho chenyewe hubaki hakikuliwa, kikaendelea na kazi.

Tofauti hii haihitaji maabara. Hapa Pemba kila mpishi anaijua, ingawa hajapewa majina yake. Pweza hupigwa ili alainike: nyuzi za nyama yake hulegea, lakini nyama ni ileile. Nyama ya ng'ombe ya mishkaki hupakwa papai bichi. Hakuna aliyeipiga wala kuikatakata zaidi, na bado inalainika, kwa kuwa utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini ambacho hukata protini. Mpishi wa Chake Chake au Wete akiisahau nyama hiyo katika papai muda mrefu, huikuta imekuwa tepetepe. Mwalimu mwenye pweza na papai amekwisha kupata somo lake la kwanza, mradi asitumie kitenzi kimoja kwa vyote viwili.

Tuvijaribu vitenzi hivi katika safari ya kipande cha muhogo wa kuchemsha. Meno hukisaga. Wakati huohuo amilasi iliyomo katika mate huanza kumeng'enya wanga, na ndiyo sababu muhogo ukitafunwa kwa muda mrefu huzidi utamu. Tumboni mna asidi kali, amilasi ya mate huzuiwa, na zamu huwa ya pepsini, ambayo humeng'enya protini za samaki aliyeliwa na muhogo huo. Katika utumbo mwembamba kongosho huleta amilasi yake, tripsini na lipasi, na kuta za utumbo huongeza maltasi na sukrasi. Hapo ndipo virutubisho hufyonzwa.

Na nyongo je? Hili ni jaribio zuri la kupima kitabu. Nyongo haina kazi ya kimeng'enya. Hutawanya mafuta yakawa matone madogo, na lipasi ndiyo huyameng'enya. Kitabu kinachosema kwamba nyongo humeng'enya mafuta kimeanguka, na mara nyingi kimeangushwa na uvivu wa kitenzi kuliko ujinga wa mwandishi.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni maziwa. Watu wazima wengi duniani huwa na laktasi kidogo kuliko walivyokuwa nayo utotoni, na laktasi ndiyo humeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani, ulioonyesha kwamba baadhi ya watu wa eneo hili, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko ya kinasaba yanayoiendeleza laktasi ukubwani, tena mabadiliko tofauti na yale ya Ulaya. Basi mgonjwa anayeharishwa na maziwa akiambiwa kwamba tumbo lake halisagi maziwa, ataelewa nini? Maziwa ni maji, yana kitu gani cha kusagwa? Ataongeza maji au atayachemsha zaidi, na sukari ile itabaki palepale. Akielezwa kwamba kimeng'enya cha maziwa kimepungua, ataelewa pia kwa nini mtindi humsumbua kidogo zaidi: vijidudu vya mtindi vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Wako wanaosema kwamba kimeng'enya ni jina jembamba mno, kwa kuwa vimeng'enya vingi havihusiki na chakula tunachokula. Ni kweli. Katika muhogo wenyewe mna linamarasi, ambayo huachilia sianidi mzizi unapokunwa, na haimmeng'enyei mtu chakula. Hata hivyo, Wilhelm Kühne alipolitoa jina la kimataifa katika miaka ya 1870 alilichota katika Kigiriki kwa maana ya kilichomo ndani ya hamira, na pepsini, aliyoigundua Theodor Schwann mwaka 1836, haitoki katika hamira. Jina huanzia mahali fulani, kisha hupanuka. Wanaopendekeza kichocheo wana hoja kwa upande wa kemia, ila neno hilo watu wamekwisha kulitumia pia kwa homoni.

Shauri hili lina uzito wa pekee Zanzibar. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza sayansi na hisabati zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa Micheweni aliyefika hapo akiwa na kusaga tu, alidaiwa kujifunza dhana mpya na lugha mpya kwa pamoja. Angekuwa na vitenzi viwili, angebakiwa na deni la lugha peke yake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba saga ibakie kwa meno na misukosuko ya tumbo, yeyusha kwa chumvi, sukari na samli, tawanya kwa kazi ya nyongo, meng'enya kwa kazi ya vimeng'enya peke yake, na fyonza kwa kuingia kwa virutubisho katika damu. Majina ya vimeng'enya vyenyewe yaandikwe kwa kiishio -asi popote asili yake inaporuhusu: amilasi, lipasi, laktasi. Tahajia za amilesi na laipesi, zinazofuata sikio la Kiingereza, ziachwe, ili mwanafunzi autambue ukoo kwa macho.