Kumjua Fundi kwa Lori Lisilowaka

Katika Lindi, Kibera, ambako lori kuukuu la dizeli likigoma huwa limeziba njia ya watu wote, mwenye mali aghalabu humhukumu fundi kwa wepesi wa mikono. Nami naona ni afadhali amhukumu kwa mpango wa uchunguzi wake, kwa kuwa ustadi wa kazi hii umo katika kujua kabla ya kufungua.

Stata ikizungusha injini nayo isiwake, fundi hodari kwanza hutega sikio. Mzunguko mzito humpa habari ya betri dhaifu au taminali zilizoota kutu. Maana dizeli haiwashwi kwa cheche, bali kwa joto la hewa iliyobanwa hata kupita nyuzi 500, na joto hilo halipatikani injini ikizunguka kwa uvivu, hasa asubuhi za Julai katika Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, ambako hewa ni baridi tena haba. Mzunguko mwepesi kupita desturi, usio na mapigo, humwonya kuwa mbano umepotea.

Kisha hutazama ekzosi. Pasipo moshi hata chembe, aghalabu mafuta hayafiki. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ila hayashiki moto, basi shaka huelekea kwenye plagi za joto, mbano na taimingi. Asiyeitambua njia panda hii hupotea, akapoteza na fedha za tajiri wake.

Mafuta yasipofika, huyafuata tangu tanki hadi mpira, filta na swichi ya kuzimia, ambayo ikikwama huyafunga hata vingine vyote vikiwa vizima. Hupiga pampu ya mkono, akalegeza skrubu ya hewa, akangoja mapovu yaishe. Yasipokoma, hutafuta mpira uliopasuka au nati iliyolegea. Pampu kubwa na nozo huja mwisho, kwani ni ghali na hazivumilii vumbi.

Jihadhari, basi, na aanzaye na nozo, au apulizaye etha kwenye mdomo wa hewa: injini huenda ikanguruma, lakini mshindo huo waweza kuvunja ringi, na ila ya asili ikabaki pale pale. Fundi wa kweli, injini iwakapo, hukuwekea mkononi ule mpira uliopasuka au lile tope la filta, ukamlipa ujira wake hali unajua wazi ni wa kazi gani.