Kulipima Bafu la Mvua

Aghalabu mtu atakaye kulihukumu bafu la mvua huinua macho kuitazama shawa inavyong'aa, na kwa kufanya hivyo huwapa fundi hodari na fundi hafifu sifa iliyo sawa, kwa kuwa mng'ao hununuliwa dukani ukiwa tayari, ilhali ustadi wa kazi umefichika chini ya vigae.

Basi anza na sakafu. Mwaga ndoo ya maji pembeni kabisa, mbali na tundu la kutokea, kisha subiri: ikiwa mwinamo umewekwa kwa kadiri ya sentimita 2 katika kila mita 1, maji yote yataelekea tunduni pasipo kuhimizwa kwa ufagio, wala hayatatuama konani wala kuukimbilia mlango. Gonga vigae kwa kifundo cha kidole. Palipo na mlio wa utupu, saruji haikujaa. Ghorofani sharti hukumu iwe kali zaidi, kwani kabla ya kulaza vigae fundi mwaminifu huliziba tundu, huijaza sakafu maji, huyaacha usiku na mchana, ndipo hushuka kuitazama dari ya chumba cha chini; na fundi aonaye uzito kufanya jaribio hilo, mimi singemkabidhi nyumba yangu.

Harufu ikipanda tunduni, lichunguze bomba la chini, maana pindo lake ndilo lishikalo maji, aghalabu kina cha milimita 50, yaizuiayo hewa chafu.

Ama nguvu ya mvua yenyewe, asili yake ni kimo cha tangi. Mita 10 za kimo huzaa kanieneo ya takriban angahewa 1; kwa hiyo tangi lililokaa mita 2 tu juu ya shawa, kama yalivyo mengi katika nyumba za Unguja na Mombasa, haliwezi kuilisha ile shawa pana kama sinia, hata iwe ya thamani gani. Hapo hufaa shawa ndogo, na bomba la robo tatu badala ya nusu inchi.

Shawa ya umeme nayo yataka hadhari khasa. Hutumia wati 5,000 au zaidi, hivyo yastahiki waya wake peke yake, mnene, na waya wa ardhi usiokosekana, zaidi palipo na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hupitisha umeme kwa wepesi na kuila koili. Ukikuta waya wa ardhi umekatwa au umeachwa ukining'inia, zima swichi kuu, na maji usiyafungue hata kwa majaribio.